Mchumba Wangu Anataka Nikope Milioni 10 za Harusi, na Mshahara Wake Siujui

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, muuguzi katika kituo cha afya cha serikali mkoani Iringa. Nimechumbiwa na kijana wa miaka 33, mwalimu wa sekondari, naye ni mwajiriwa wa serikali. Tulifahamiana kwaya. Mshenga alileta barua mwaka jana, nyumbani wakajibu, mahari imelipwa nusu, na harusi tumeipanga Desemba. Ni mtu mpole, hanywi, ana heshima kwa wazazi wangu, na tumejitunza. Sikuwahi kumtilia shaka mpaka yalipoanza mambo ya pesa.

Mwezi uliopita kamati ya harusi ilikaa. Bajeti imefika milioni 18. Ahadi za michango ni milioni 11, lakini pesa iliyokwisha kuingia ni milioni nne na nusu tu. Tulipotoka kikaoni akaniambia nikakope benki milioni 10 kwa mshahara wangu, marejesho miaka mitano. Milioni tano zizibe pengo la harusi, tano tuanzie maisha. Nikamwambia basi tukope wote, kila mtu nusu. Akasema kwake mfumo unakataa. Nikamuuliza unakataa kwa nini, makato yako yakoje? Hapo akabadilika. Akasema mwanamke wa Mithali 31 haulizi mshahara wa mume, anajenga nyumba. Akasema tena kwamba sisi tumebakiza miezi tu kuwa mwili mmoja, kwa hiyo changu ni chake na chake ni changu. Lakini Mama, chake sikijui. Mshahara wangu unaofika mkononi ni 640,000 na yeye anaujua tangu mwanzo. Wa kwake sijawahi kuambiwa.

Wiki mbili baadaye niliingiwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Walitaja jina lake kamili, wakasema ameniandikisha kama mtu wake wa karibu, amekopa mtandaoni 180,000 na muda umepita, nimwambie alipe, la sivyo picha yake itasambazwa. Mikono ilitetemeka. Mpaka leo sijamwonyesha. Nikimwona kanisani anaimba, nauliza moyoni huyu ninayemjua ni nani.

Na mimi, Mama, nina la kwangu. Nina kiwanja. Nilikinunua kabla sijamjua, kwa pesa ya kikoba na posho za zamu, na hati ya mauziano ina jina langu peke yangu. Hajui. Mama yangu mzazi alinikalisha akaniambia, "Hicho usikitaje. Mwanamume akijua una kitu, anakaa anasubiri ukitoe." Nimenyamaza, ila kila tukifundishwa uaminifu na mchungaji siku za Jumamosi nahisi nahukumiwa.

Tangazo la kwanza la ndoa litasomwa Novemba. Nikikataa kukopa, nitakuwa sina imani naye? Na kiwanja nimwambie? Naogopa kuharibu harusi kwa maswali, na naogopa kuingia ndani bila kuuliza.

Mchumba mwenye hofu, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na Amina.

Nianze na lile lenye haraka. Usitie sahihi mkopo huo. Usiutie mwezi huu, usiutie hata akiomba msamaha kwa kukukasirikia, usiutie hata kamati ikikupigia simu. Mkopo kwa jina lako kabla ya kiapo ni deni lako wewe. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Milioni 10 kwa miezi 60 zitakukata kama 243,000 kila mwezi, na mwishoni utakuwa umelipa karibu milioni 14 na laki sita. Kwenye ile 640,000 yako utabakiwa na kama 397,000, na hapo hujatoa sadaka, hujalipa pango, hujamtumia mama chochote. Ndoa ikivunjika kabla ya madhabahu, makato yataendelea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, lakini benki haisubiri hukumu ya kesi yako. Inakata mshahara ukiingia.

Sasa hili la "mfumo unakataa". Wewe ni mtumishi kama yeye, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mtumishi wa serikali haruhusiwi kukatwa mpaka abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Akiomba mkopo kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa serikali, na mfumo ukamkatalia, jambo la kwanza la kuangalia ni kama makato yake yamekwisha kufika hapo. Sisemi ndivyo ilivyo kwake. Nasema hilo ndilo jibu ulilostahili kupewa siku ile, na ni jibu la dakika mbili ukiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakwenda huko kila mwezi mpaka deni liishe. Ongeza mchango wa pensheni wa PSSSF, bima ya afya, kodi, na kama kuna mkopo wa benki wa zamani, mwalimu mwenye mshahara mzuri kwenye barua ya ajira anaweza kufika nyumbani na kidogo sana. Wako wengi. Na wakishafika hapo ndipo wanapoingia kwenye hii mikopo ya simu, kwa sababu haiulizi theluthi.

Kuhusu ujumbe ule: usimlipie. Usiwajibu. Hukuweka sahihi popote, na kuandikwa jina na mtu hakukufanyi mdhamini wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na vitisho vya kusambaza picha za wadaiwa ni sehemu ya malalamiko yaliyowachosha watu. Hifadhi ujumbe. Kisha umwonyeshe mwenyewe, uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida. Inawezekana hajui kwamba umekufikia, na inawezekana ndicho kitu kinachomnyima usingizi. Mtu mzima mwenye heshima mtaani na cheo kwaya, akitishiwa kuanikwa kwa sababu ya 180,000, anabeba aibu kubwa kuliko deni lenyewe. Ukali aliokuonyesha ulipouliza makato nausikia kama ukali wa aibu. Naweza kuwa sijamsoma sawa, ndiyo maana lazima mkae.

Lakini aibu haimpi ruhusa ya kugeuza Maandiko, na hapo naomba nisimame kidogo, maana jambo hili linaniuma. Mwili mmoja wa Mwanzo 2:24 una mpangilio: mwanamume anamwacha baba yake na mama yake, anaambatana na mkewe, nao wanakuwa mwili mmoja. Mchumba hajafika hapo. Ninyi wawili mmelielewa hilo kwa miili yenu na mmejitunza, jambo linalonipa furaha. Basi na lieleweke hivyohivyo kwa mikopo. Anayesubiri madhabahu kwa jambo moja asiharakishe kwa jingine. Hata baada ya kiapo, "changu ni chako" inaanza kwa kuonyeshana kilichopo. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho hajaonyeshwa.

Na Mithali 31 asikutishe nayo. Ifungue uisome mwenyewe. Mstari wa 16 unasema, "Huangalia shamba, akalinunua, kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu." Yule mwanamke anaangalia kwanza. Anatumia mapato ya mikono yake mwenyewe, na sura nzima haina mahali alipotumwa kukopa kwa ajili ya sherehe. Mstari wa 11 unasema moyo wa mumewe humwamini. Kuaminiana kunakosemwa pale kunatoka kwa mume kwenda kwa mke, kumwachia mambo ya nyumba kwa moyo mweupe. Mchumba wako anataka matunda ya mstari huo na wewe bado hata karatasi yake ya mshahara hujaiona.

Umeona lakini, mwanangu? Mwanamke wa Mithali 31 alinunua shamba. Wewe umenunua kiwanja kwa pesa ya kikoba na zamu za usiku. Ni jambo la kusemwa ukiwa umenyoosha shingo, na wewe umelificha kama kosa.

Mama yako namheshimu. Maneno aliyokuambia yametoka kwenye mambo aliyoyaona, wanawake ambao viwanja vyao viliuzwa na waume zao, na hakuna anayeweza kumwambia alikosea kuogopa. Ila hofu yake ina majibu mengine zaidi ya siri. Sheria ile ile ya mwaka 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi mwenye mali: ulichokuwa nacho kabla kinabaki chako, na kilichoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jambo la kulijua mapema ni kwamba mkijenga pale kwa jasho la wote wawili, nyumba hiyo inaweza kuhesabiwa kwenye mgawanyo iwapo ndoa itavunjwa. Na ikishakuwa nyumba ya ndoa, mmoja haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imehesabu hata kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika mali ya familia. Kwa hiyo pima kiwanja, fuatilia hati kwa jina lako, weka nakala kwa mama. Hapo mama analala, na wewe huna haja ya kumdanganya mtu utakayelala naye nyumba moja miaka arobaini.

Soma Matendo 5 kabla hujakaa naye. Anania na Safira waliuza kiwanja, na wengi tunaikumbuka habari ile kana kwamba walikufa kwa kubaki na pesa. Petro hakusema hivyo. Alimwambia Anania kwamba kilipokuwa kwake kilikuwa mali yake, na kilipouzwa thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo, na uongo ule mke na mume walikuwa wameupanga pamoja. Kuwa na kiwanja chako si dhambi. Kutompa kiwanja hicho si dhambi. Kumwacha aamini huna, huku ukimdai yeye aseme vyake vyote, ndiko kunakokuhukumu siku za Jumamosi. Dhamiri yako inafanya kazi sawasawa.

Kwa hiyo wewe ndiye utakayeanza. Najua unaweza kujisikia umeonewa, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba mkopo na yeye ndiye mwenye ujumbe wa deni. Anza hata hivyo, maana aliye na aibu hufungua mdomo akiona mwenzake amejifunua kwanza.

Msikae usiku baada ya mazoezi ya kwaya, na msiandikiane kwenye WhatsApp. Mwombe Jumamosi moja asubuhi, mahali pa wazi ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii, kwa mfano uwanja wa kanisa baada ya mafundisho. Nenda na karatasi yako ya mshahara na ya kikoba. Mwambie kwa maneno yako, lakini yasiwe mbali na haya: "Kuna jambo sikukuambia. Nina kiwanja, nilikinunua kabla sijakujua, na niliogopa kukutajia. Leo nimekutajia. Hii ndiyo karatasi yangu ya mshahara, hivi ndivyo ninavyokatwa. Naomba na wewe unionyeshe ya kwako. Sitaki kukuhukumu, nataka kujua tunaanzia wapi." Kisha umwonyeshe ule ujumbe. Kisha unyamaze. Huo ukimya utakuwa mgumu, usiujaze kwa maneno.

Akifunguka, mwulize mpaka mwisho, siku hiyohiyo. Madeni ya benki, ya Bodi, ya SACCOS, ya simu, na yale yasiyoandikwa popote: ya duka la jirani, ya rafiki, ya michango ya harusi za wengine alizoahidi. Mwulize amemdhamini nani. Hili wachumba hulisahau kabisa, na walimu wanadhaminiana sana kwenye SACCOS. Rafiki akishindwa kulipa, makato yanahamia kwa mdhamini. Mithali 6 inamwambia aliyemdhamini rafiki yake asiyape macho yake usingizi mpaka ajinasue.

Halafu nyumbani kwao. Mwulize anawatunza akina nani na kwa kiasi gani. Kama anamsomesha mdogo wake, hilo ni jema, 1 Timotheo 5:8 iko wazi kuhusu mtu asiyewatunza walio wake. Lakini ulijue kabla hujawa mke, kiasi na muda wake, ili lisije kuonekana mwakani kwamba wewe ndiye uliyemgeuza ndugu. Na wewe useme ya mama yako. Mkikubaliana mnatuma kiasi fulani kila upande, kiandikeni.

Sasa kuna mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, anakuonyesha, na madeni yapo. Huenda yapo mengi. Mwanangu, deni peke yake si sababu ya kumwacha kijana mwema. Mpange kulilipa: afunge mikopo ya simu kwanza, asikope pengine ili kulipa hii, na aonyeshe miezi mitatu ya kupunguza. Harusi ikisogea hadi baada ya Pasaka, imesogea. Nitamheshimu zaidi mwanamume anayeingia kanisani Aprili akiwa amelipa nusu ya madeni yake kuliko anayeingia Desemba akiwa amekuongezea milioni 10.

La pili, anakataa. Anakasirika, anakuita mwenye tamaa, anasema utajua tukishaoana, au anashika kiwanja tu na kuuliza kwa nini tusikiweke rehani. Hapo usibishane. Mwambie utamshirikisha mchungaji, na kweli umshirikishe. Mtu anayekataa kuonyesha karatasi ya mshahara kwa mke mtarajiwa wakati bado anambembeleza hatakuwa mwepesi zaidi akishampata. Nitakuwa mkweli: kwa jibu hilo, mimi kama mzazi ningekuomba usimamishe kila kitu, hata kama mahari imelipwa nusu na vitenge vya sare vimeshashonwa. Uchumba umewekwa ili haya yaonekane kabla.

Imebaki kamati. Bajeti ya milioni 18 kwa muuguzi na mwalimu ni ya nani hasa? Ahadi ya milioni 11 iliyoingiza nne na nusu haitakamilika yote, kila aliyewahi kuwa mhazini wa harusi anajua. Kaeni na mwenyekiti mpange harusi ya pesa iliyoingia. Ukumbi wa kanisa, chakula cha watu wa karibu, keki, soda, kwaya yenu wenyewe. Kule Kana divai iliisha katikati ya sherehe, na Mariamu hakuwashauri wenye nyumba wakakope kimyakimya ili wageni wasigundue. Alisema tu, "Hawana divai." Kamati yenu inahitaji mtu mmoja wa kusema hivyo, na ni afadhali aseme mchumba wako, maana akisema wewe watadhani umeanza kumtawala. Mwombe alifanye. Namna atakavyolipokea ombi hilo itakuambia mengi.

Mafundisho ya Jumamosi, kama hayajafika kwenye pesa, muombeni mchungaji ninyi wawili ayaweke wiki ijayo. Wachungaji wengi wanaona haya kuanza, wakiulizwa wanashukuru. Na kama mazungumzo yenu yataishia pabaya, apate habari kabla ya tangazo la kwanza kusomwa. Baada ya la tatu, kila mtu atakuwa anakusukuma mbele kwa sababu ya kadi zilizokwisha kugawiwa.